Gia ngumu kwenye gari la manyuo: anza nje, giaboksi ishushwe mwisho

Maswali ni yale yale. Gia namba moja inagoma gari likishapata moto. Rivasi inasaga. Namba mbili inaingia kwa nguvu mpaka kiganja kinauma. Niweke oili gani? Na jibu la vijiweni nalo ni lile lile: giaboksi imekwisha, tuishushe. Mara nyingi si kweli. Kati ya mkono wako na meno ya gia kuna mkeka, pedeli, mafuta ya klachi, mipira, bushi, kebo au fimbo, na oili. Chochote kati ya hivyo kinaweza kuifanya gia iwe ngumu huku giaboksi yenyewe ikiwa nzima. Na vyote vinakaguliwa gari likiwa uani, kwa spana chache.

Mwongozo huu unalenga magari yaliyojaa Mtwara na Lindi: Hilux na Land Cruiser za kazi, Hiace za abiria, Kirikuu, na gari ndogo kama Corolla. Utaratibu ni mmoja, vipimo vinatofautiana. Kitabu cha gari lako kikisema tofauti na yaliyoandikwa hapa, fuata kitabu. Kama gari lilikuja kutoka Japani bila kitabu, au na kitabu cha Kijapani usichoweza kukisoma, angalia kibati kilichopigwa riveti chini ya boneti. Kwenye Toyota kuna mstari ulioandikwa TRANS/AXLE; herufi za kwanza ni aina ya giaboksi, zinazofuata ni za difu. Nenda na herufi hizo dukani, si na jina la gari peke yake, kwa sababu Hilux mbili za mwaka mmoja zinaweza kuwa na giaboksi tofauti.

Vitu vya kuandaa

- Jeki, stendi za jeki na kabari za matairi. Udongo wetu mwingi ni mchanga, jeki huzama upande mmoja. Weka chini yake ubao mnene wa inchi 2.
- Spana za milimita 8, 10, 12, 14 na 17, na ya 24 kwa nati za giaboksi nyingi za Toyota. Baadhi ya giaboksi hufunguliwa kwa spana ya pembe sita ya ndani. Chungulia kwanza kabla ya kwenda kununua.
- Mrija wa plastiki unaoonyesha ndani, kama mita moja, na chupa tupu ya maji ya kunywa.
- Mafuta ya breki, ambayo ndiyo ya klachi pia, DOT 3 au DOT 4 kama kifuniko cha tangi la klachi kinavyosema. Kopo jipya, ambalo halijafunguliwa.
- Oili ya giaboksi ya aina sahihi (hatua ya 6 inaeleza), washa mpya za nati, na pampu ya mkono au bomba kubwa la sindano lenye mpira.
- Beseni la kukingia, tambara safi, brashi ya waya, grisi ya lithiamu ya kawaida, tochi.
- Mtu mmoja wa kukanyaga pedeli.

Onyo moja kabla ya yote: usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, wala lililowekwa juu ya matofali ya saruji. Tofali la saruji halipindi likizidiwa. Linapasuka mara moja.

Hatua ya 1: Pima, usibahatishe

Vipimo hivi vinne ni vya dakika kumi, na ndivyo vitakavyokuambia uanzie hatua ipi.

a) Zima injini. Pitisha gia zote, moja hadi ya mwisho, kisha rivasi. Sasa washa injini, kanyaga klachi hadi chini, urudie. Zikiwa laini injini ikiwa imezimwa na ngumu ikiwa inaunguruma, klachi haiachii sawasawa. Nenda hatua ya 2 na ya 3. Zikiwa ngumu hali zote mbili, tatizo liko kwenye leva, kebo au ndani ya giaboksi. Bado pitia hatua ya 2, halafu ruka hadi ya 4.

b) Injini ikiwa silensa (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta), gia nyutro, kanyaga klachi mpaka mwisho, hesabu sekunde nne, kisha ingiza rivasi polepole. Ikisaga, klachi inaburuta, yaani haiachii kabisa. Ukiingiza bila kusubiri, kukwaruza kidogo kusikutie hofu: rivasi za giaboksi nyingi hazina sinkronaiza (kifaa cha kulinganisha mwendo wa gia, kinaelezwa hapa chini), na shafti inahitaji muda wa kusimama.

c) Mahali tambarare, mbele pakiwa wazi, klachi chini, gia namba moja, ondoa mguu kwenye breki lakini uuweke tayari juu yake. Gari likijisogeza lenyewe, klachi inaburuta, hakuna mjadala.

d) Endesha. Kama ni gia moja tu inayosaga, kwa kawaida namba mbili au tatu, na nyingine zote ni laini, ringi ya sinkronaiza ya gia hiyo imelika. Oili sahihi inaweza kupunguza, haitaponya.

Kwa nini klachi inahusika na ugumu wa gia? Sinkronaiza kazi yake ni kulinganisha mwendo wa gia na shafti kabla meno hayajaingiana. Klachi isipoachia kabisa, injini inaendelea kuizungusha shafti, na ringi ndogo ya shaba inalazimika kushindana na injini nzima. Mkono wako ndio unaolipa.

Hatua ya 2: Mkeka na pedeli

Toa mkeka wa dereva kabisa, kisha jaribu tena kipimo cha (a). Unacheka, lakini mikeka minene ya mpira, na hasa ule wa pili unaotandikwa juu ya wa kwanza kuzuia mchanga, huzuia pedeli kufika mwisho. Pedeli ikikosa sentimita mbili za mwisho, klachi haiachii.

Kisha pima uchezaji wa pedeli. Isukume kwa kidole, si kwa mguu, hadi uhisi inaanza kuwa nzito. Kwenye Toyota nyingi zenye klachi ya mafuta, nafasi hiyo ni milimita 5 hadi 15. Ikizidi, legeza nati ya kufungia kwenye fimbo inayotoka juu ya pedeli kwenda kwenye masta silinda (silinda ya juu inayosukuma mafuta ya klachi), zungusha fimbo kidogo kidogo, kaza, pima tena.

Usiumalize uchezaji wote ili klachi "ishike juu". Hili ndilo kosa linalorudiwa kuliko yote. Fimbo ikiwa imeisukuma masta silinda muda wote, mafuta hayarudi kwenye tangi, presha inabaki ndani ya mfumo, rilisi beringi (ile inayoisukuma klachi iachie) inakaa imeegemea klachi usiku na mchana, na pleti ya klachi inaanza kuteleza. Utakuwa umetibu gia ngumu na kununua klachi nzima.

Hatua ya 3: Klachi yenyewe kwa nje

*Klachi ya kebo (Kirikuu na gari ndogo nyingi).* Fuata kebo kutoka kwenye pedeli hadi kwenye mkono wa klachi. Uzi hata mmoja ukiwa umekatika karibu na ncha, badilisha kebo nzima. Ikiwa nzima lakini inakwama kwenye gamba lake, badilisha pia. Kumimina oili ya injini ndani ya gamba kunasaidia siku chache, halafu vumbi likichanganyika na oili ile linakuwa msasa. Rekebisha kwa nati iliyo mwisho wa kebo mpaka pedeli icheze milimita 15 hadi 25 hivi.

*Klachi ya mafuta.* Fungua tangi dogo la klachi. Mafuta mazuri yana rangi ya chai hafifu au hayana rangi. Yakiwa meusi, mipira ya ndani inalika. DOT 3 na DOT 4 hufyonza unyevu wa hewa, na unyevu wa pwani hii haukauki mwaka mzima, kwa hiyo usiyaache zaidi ya miaka miwili, na kopo lililokaa wazi kwenye rafu usilitumie.

Ingiza mkono nyuma ya pedeli, juu, pale fimbo inapoingia kwenye masta silinda. Vidole vikitoka na unyevu, masta inavuja kuelekea ndani ya gari. Kisha nenda kwenye silinda ya chini, iliyofungwa kando ya giaboksi, na ufunue ncha ya mpira wake wa vumbi. Yakidondoka mafuta, mipira ya ndani imekwisha. Nunua mipira mipya au silinda nzima. Kama ukuta wa ndani wa silinda una kutu au mikwaruzo inayokwama kwenye kucha, mipira mipya itavuja tena muda si mrefu, nunua silinda.

Mwambie msaidizi akanyage huku unaangalia fimbo ya silinda ya chini. Kwenye pikapu na Hiace inatakiwa isogee kwa kuonekana wazi, zaidi ya sentimita moja. Ikisogea kidogo tu na hakuna kinachovuja, kuna upepo ndani au masta inapitisha mafuta kwa ndani. Ya pili utaijua hivi: pedeli ikishikiliwa chini kwa mguu mwepesi inazama taratibu. Angalia pia mpira laini wa klachi kati ya bomba la chuma na silinda ya chini. Ushike kwa mkono wakati pedeli inakanyagwa. Ukiusikia unatuna, badilisha.

Kutoa upepo:

1. Safisha kwa brashi kuzunguka tangi na nipeli (skrubu yenye tundu ya kutolea upepo) ya silinda ya chini. Mchanga ukiingia humo, mipira haina maisha.
2. Jaza tangi. Chomeka mrija kwenye nipeli, ncha ya pili izame kwenye mafuta kidogo ndani ya chupa.
3. Msaidizi akanyage polepole mara nne au tano, kisha ashikilie chini.
4. Legeza nipeli nusu mzunguko. Mafuta na mapovu yatatoka. Kaza nipeli kwanza, ndipo msaidizi aachie pedeli. Akiachia mapema, mfumo unavuta hewa na mnaanza upya.
5. Rudieni mpaka mafuta yatoke masafi bila povu hata moja. Tangi lisikauke katikati ya kazi.
6. Kaza nipeli kwa kiasi, ni nyembamba na hukatika. Mafuta yaliyomwagikia rangi ya gari yaoshe kwa maji hapo hapo, yanaila rangi.

Usijazie tangi hilo kwa oili ya injini, oili ya hidroliki ya trekta wala oili ya giaboksi ya otomatiki, hata kama umeishiwa mafuta katikati ya Liwale na Nachingwea. Mipira ya mfumo wa DOT ikigusana na oili ya madini inavimba kama maharage yaliyolowekwa, na hapo hutabadilisha mpira mmoja, utabadilisha kila mpira kutoka masta hadi chini. Ukikwama njiani, ongeza mafuta yoyote ya DOT 3 au DOT 4. Hizo mbili zinachanganyika.

Hatua ya 4: Leva, bushi na kebo za gia

Hapa ndipo penye mabadiliko makubwa kwa gharama ndogo, na ndipo wengi wanapopapita. Tikisa leva gari likiwa ndani ya gia. Ikicheza sana, au ukilazimika kuitafuta namba tatu, bushi zimekwisha.

*Pikapu na gari zinazosukumwa na matairi ya nyuma*, leva ikiwa imesimama moja kwa moja juu ya giaboksi:

1. Weka nyutro. Fungua kirungu cha juu ya leva, kisha skrubu za mpira wa vumbi wa juu, uuvute juu. Upepo wa kusi ukivuma usifanye kazi hii nje milango ikiwa wazi. Mchanga ukidondokea kwenye tundu umeingia kwenye giaboksi.
2. Utaona mpira wa pili na chini yake kifuniko cha duara. Kwenye Toyota nyingi, kifunike kwa tambara, kisukume chini kwa nguvu, kizungushe kinyume cha saa, na leva itachomoka nzima. Nyingine zimefungwa kwa bolti.
3. Ziba tundu kwa tambara safi mara moja.
4. Angalia ncha ya chini ya leva. Kuna bushi ndogo ya plastiki na, juu zaidi, kikalio cha plastiki cha tufe (bonge la duara) la leva. Zikiwa zimepasuka, hesabu vipande. Kipande kilichokosekana kiko ndani, kimulike kwa tochi ukitoe kwa koleo.
5. Weka bushi mpya, paka grisi kwenye tufe na ncha, rudisha leva, zungusha kifuniko mpaka kilie.

Bushi ni ya bei ndogo. Ukikosa Mtwara mjini au Masasi, agiza na basi kutoka Dar. Usikubali kukatiwa kipande cha kandambili. Kandambili na oili havikai pamoja, inalainika, inamung'unyuka, na mabaki yake yanaingia kwenye oili.

*Gari ndogo na Hiace zenye kebo au fimbo ndefu.* Fuata kebo mbili hadi kwenye giaboksi. Chomoa pini, zitenge, kisha sogeza mikono ya giaboksi kwa mkono injini ikiwa imezimwa. Ikisogea laini na kubofya vizuri kila gia, giaboksi yako haina kosa; kebo au bushi zake ndizo ngumu. Ikikataa na hapo, ugumu uko ndani. Kipimo hiki kimoja kimeokoa giaboksi nyingi zisishushwe.

Kirikuu inahitaji usafi zaidi kwa sababu viungo vyake vya gia vinapita chini ya bodi, vinapokea matope ya masika na vumbi la msimu wa korosho. Osha, brashi, kausha, paka grisi kidogo kwenye kila kiungo, kisha futa inayobaki nje. Grisi iliyoning'inia inakusanya mchanga.

Hatua ya 5: Mauntini

Mauntini ni mipira inayoshikilia injini na giaboksi kwenye bodi. Fungua boneti, vuta handibreki, msaidizi akanyage breki, aweke namba moja na kuachia klachi kidogo sana, kisha airudishe. Injini ikiruka badala ya kuegama kidogo, mauntini imepasuka. Mulika pia ile ya giaboksi chini. Mpira uliolowa oili na kulainika umekufa hata kama haujakatika. Kwenye gari za kebo, injini ikicheza, urefu wa kebo unabadilika kila unapokanyaga mafuta. Badilisha, endelea.

Hatua ya 6: Oili

Swali la oili gani lina jibu fupi: ile iliyoandikwa kwenye kitabu, herufi kwa herufi. Toyota nyingi zinataka uzito wa 75W-90. GL-4 na GL-5 ni madaraja ya oili ya gia. Kitabu kikisema GL-4 au GL-5, zote ruhusa. Kikisema GL-4 peke yake, usiweke GL-5, ambayo imetengenezwa zaidi kwa ajili ya meno ya difu. Dawa zake za kubeba mzigo ni nyingi zaidi, na ringi ya sinkronaiza inahitaji msuguano ili ishike. Ikiteleza, gia inasaga. Baadhi ya dawa hizo pia huila shaba oili ikipata joto. Dumu lililoandikwa GL-4/GL-5 kwa pamoja nalo lichukulie kuwa ni GL-5. Na si kila giaboksi inatumia oili ya gia: zipo za Isuzu zinazotaka oili ya injini.

Oili nzito ya 140 inayopendekezwa na kila kijiwe inaficha mlio wa beringi. Haiifanyi gia kuwa laini, inafanya kinyume.

1. Endesha dakika kumi na tano oili ipate moto, si ya kuunguza. Simamisha gari mahali sawa. Ukilinyanyua, linyanyue pande zote nne. Likiinama, kipimo cha oili kitakudanganya.
2. Fungua nati ya kujazia, ile ya juu, kabla ya kugusa ya kumwagia. Ukishamwaga oili yote halafu nati ya juu ikagoma kwa kutu, una gari lisilokwenda popote.
3. Weka beseni, fungua ya chini, acha idondoke mpaka iishe.
4. Soma kilichotoka. Uji laini wa kijivu kwenye sumaku ya nati ni wa kawaida, futa. Chembe za dhahabu zinazometa ni ringi za shaba. Vipande vya chuma unavyoweza kuvishika kwa vidole ni jino au beringi; hapo usiendelee na mwongozo huu, mpelekee fundi. Oili ya rangi ya maziwa ina maji.
5. Rudisha nati ya chini na washa mpya. Toyota wanataka karibu Nm 37 hadi 39, yaani mkono mmoja wenye nguvu kwenye spana ya kawaida. Usirefushe spana kwa bomba. Uzi wa alumini ukichanika hautengenezeki kirahisi.
6. Pampu oili mpaka ianze kutiririka kwenye tundu la kujazia, acha ikome yenyewe. Usawa unaotakiwa ni ukingo wa chini wa tundu. Corolla nyingi za gia tano huchukua karibu lita 1.9; pikapu nunua lita 3 utumie zinazoingia. Transfa kesi ya 4x4 (boksi linalogawa nguvu kwa matairi ya mbele na ya nyuma) mara nyingi ina nati zake na oili yake, usiisahau.

Maji yanaingiaje? Kupitia kipumulio, kifereji kidogo juu ya giaboksi. Giaboksi ya moto ikizama kwenye maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji. Magari yaliyolazimishwa kupita kwenye maji baada ya kimbunga Hidaya, Mei 2024, barabara ilipokatika upande wa Somanga, ni ya kukaguliwa hata leo kama oili yake haijaguswa tangu hapo. Dawa ni kumwaga, kujaza oili mpya, kuendesha kilomita kumi hivi na kumwaga tena mpaka rangi ya maziwa iishe. Zibua na kipumulio; kikizibwa na tope, presha ya ndani inasukuma sili nje.

Oili chafu ifunge kwenye dumu. Usiimwage kwenye mchanga. Visima vingi vya pwani ni vifupi na mchanga hauchuji oili.

Hatua ya 7: Endesha, upime upya

Rudia vipimo vya hatua ya 1, ukibadilisha kitu kimoja kwa wakati. Ukibadilisha bushi, oili na klachi siku moja hutajua kilichosaidia, wala kilichoharibu. Oili mpya ipe siku chache za kazi ya kawaida kabla ya kuihukumu.

Mkono wako nao uangaliwe. Kupumzisha kiganja juu ya leva kunasukuma uma wa ndani unaosogeza gia, na kuula. Mguu juu ya klachi unaila rilisi beringi. Namba moja iingie gari likiwa limesimama au linatambaa tu. Na unaposhuka kutoka uwanda wa Makonde, kutoka Newala kuelekea bonde la Ruvuma na magunia nyuma, punguza gia juu, kabla ya mteremko kuanza. Kulazimisha namba mbili gari likiwa limeshashika kasi ndiko kunakomaliza sinkronaiza za pikapu za huku.

Leva fupi za kununua, zinazouzwa kwa vijana wa gari ndogo, zinapunguza safari ya mkono lakini zinaongeza nguvu unayotumia. Kwa gari lenye gia ngumu ni kuongeza tatizo.

Bado ngumu? Tafuta dalili yako

*Ngumu asubuhi, laini ikipata moto.* Oili ni nzito mno au ni ya zamani sana. Baridi ya asubuhi ya Lindi si sababu, haitoshi kugandisha oili sahihi.

*Laini asubuhi, ngumu jua likiwa kali.* Rudi hatua ya 3: upepo, mafuta yenye unyevu, mipira iliyochoka, bomba la klachi lililoegemea ekzosi.

*Rivasi bado inasaga baada ya sekunde nne, na mfumo wa mafuta uko sawa.* Sasa kushusha kunastahili. Washukiwa ni pleti iliyopinda, kutu kwenye meno ya shafti, na kwa gari zinazosukumwa na matairi ya nyuma, beringi ya pailoti iliyo kwenye ncha ya krenki (shafti kuu ya injini). Ikikwama inaizungusha shafti hata klachi ikiwa imeachia. Badilisha pleti, presha pleti, rilisi beringi na pailoti kwa pamoja, angalia sili ya nyuma ya injini na uso wa flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini ambalo pleti hubanwa nalo). Meno ya shafti yapakwe grisi nyembamba mno. Ikizidi, inarukia kwenye pleti.

*Gari limekaa miezi bila kuwashwa na sasa hakuna gia inayoingia.* Pleti imegandana na flaiwili kwa kutu. Pasha injini moto gari likiwa nyutro, izime, weka namba tatu, kanyaga klachi hadi chini, na uwashe ukiwa kiwanja kitupu, mguu wa breki tayari. Kanyaga na kuachia mafuta mpaka iachie. Mbele pasiwe na mtu wala ukuta.

*Gia inachomoka yenyewe.* Kwanza mauntini na mpira wa leva, maana mpira mnene au kasha lisilo la gari hilo linaweza kuizuia leva isifike mwisho. Kama viko sawa, springi za kushikilia au meno yamelika. Kuishikilia kwa mkono kunamaliza na uma.

*Gia mbili za mstari mmoja ndizo ngumu, kwa mfano namba tatu na nne, nyingine laini.* Uma wa mstari huo au reli yake. Kazi ya fundi.

*Mlio.* Unasikika ukiwa nyutro na kupotea ukikanyaga klachi: beringi ya shafti ya mbele. Unaanza ukikanyaga: rilisi beringi.

*Imekuwa mbaya zaidi baada ya kubadili oili.* Ama si aina yake, ama haikujaa kwa sababu gari lilikuwa limeinama. Sawazisha gari, fungua nati ya juu, ingiza kidole kilichokunjwa: oili isipogusa ncha, ongeza. Ikigusa, soma tena dumu ulilonunua, na kama halilingani na kitabu, mwaga na uweke sahihi leo hii, usisubiri zamu ijayo ya sevisi.